Kubadilisha klachi ya Hilux ya zamani: kuanzia kupima hadi kurudi barabarani

Klachi yenyewe si kazi ngumu. Kazi ni kushusha gia boksi na kuipandisha. Kwa hiyo ukishaishusha, maliza kila kilichojificha nyuma yake: pleti (sahani inayoshikana na injini), kava (linaloibana pleti kwa springi), rilizi beringi (inayosukuma springi za kava ukikanyaga pedali), pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi), sili, na uso wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Anayebadilisha pleti peke yake ili aokoe hela ya beringi hulipia kazi ileile mara mbili, na mara ya pili huwa katikati ya msimu wa korosho, magunia yakisubiri kwenda ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima.

Maelezo haya ni ya Toyota Hilux za gia za mkono, injini za dizeli 2L na 3L, zinazosukuma kwa nyuma. Yenye transfa (boksi la kuendesha magurudumu yote manne) inafuata njia hiyohiyo, ila uzito ni mwingine kabisa. Corolla na Starlet za kuvuta mbele zina njia yake ya kushusha (unatoa draivu shafti kwanza), lakini upimaji, ukaguzi na ufungaji wa pleti ni uleule.

Hakikisha kwanza kama ni klachi

Klachi iliyokwisha huteleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Mwendo wa mjini unaficha ugonjwa huu. Anayezunguka Shangani na Mikindani, Mtwara, bila mzigo anaweza kukaa nao wiki nyingi, wakati anayepanda Newala akiwa amepakia ataujua siku hiyohiyo, gari likiwa gia ya tatu.

Kipimo chake: injini iwe imepata moto, gari mahali tambarare, kabari kwenye tairi, hendibreki juu, na mbele pasiwe na mtu wala ukuta. Weka gia ya nne, ongeza mafuta kidogo, achia pedali taratibu. Injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza. Pima mara moja tu, maana kila ukirudia unachoma kile kidogo kilichobaki.

Gia kuwa ngumu kuingia ni ugonjwa mwingine, na hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde tatu au nne, weka rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii, lakini usikimbilie gia boksi. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi. Angalia kama masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) inavuja ndani, juu ya pedali. Kisha ingia uvunguni, vuta pembeni kofia ya mpira ya slevu silinda (inayopokea mafuta hayo na kusukuma klachi iachie): mafuta yakimwagika mkononi, raba zimekwisha. Seti ya raba za slevu ni kitu cha kutia mfukoni na kazi yake haifiki saa mbili. Gia boksi nyingi zimeshushwa bure kwa ajili ya hicho.

Kelele nayo isikilize. Ikija unapokanyaga pedali, mshukiwa ni rilizi beringi, au pailoti. Ikiwepo gari likiwa nyutro na pedali imeachiwa, halafu ikanyamaza ukikanyaga, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi. Klachi mpya haitaiondoa. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, fikiria pleti iliyolowa oili, flaiwili yenye madoa ya moto, au maunti (mpira wa kushikilia injini) iliyokatika.

Spea: usishushe kabla hazijafika

Maduka ya spea yapo Mtwara mjini, Lindi na Masasi, lakini seti kamili ya klachi ya gari la zamani mara nyingi inaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kuletwa kwa basi. Gari lililofunguliwa likisubiri kifurushi hukaa na hauzingi (ganda linalofunika klachi) wazi, mchanga ukiingia. Agiza kwanza, fungua baadaye.

Usiagize "klachi ya Hilux". Toa aina ya injini, namba ya chasisi na mwaka. Hilux hizi zina pleti za vipenyo tofauti, na nyingi zimeshabadilishwa injini mara moja au mbili, kwa hiyo kadi ya gari inaweza kusema hivi na chuma kikasema vile. Soma maandishi yaliyo kwenye bloku ya injini yenyewe. Patana na muuzaji kuwa vitu visivyolingana vitarudishwa, na usivipake hata tone la grisi hadi uvilinganishe na vya zamani: kipenyo cha pleti, idadi ya meno ya katikati, kimo cha kava, na upana wa tundu la rilizi beringi.

Aisin na Exedy ni watengenezaji wa Japani wanaoaminika kwenye klachi za Toyota, lakini boksi lenye jina kubwa si ushahidi. Klachi pleti nzuri ina misumari iliyokaa sawa, uso usio na nyufa, na springi zisizocheza ukizitikisa kwa mkono. Pleti ya mtumba usinunue hata kama ni nene: hujui ilikopikwa.

Pamoja na pleti, kava, rilizi na pailoti, weka tayari sili ya nyuma ya kranki shafti, sili ya mbele ya gia boksi, mpira wa foku ya klachi (mkono unaosukuma rilizi), seti ya raba za slevu, nusu lita ya mafuta ya breki DOT 3, lita 3 za oili ya gia SAE 75W-90, gundi ya kukaza nyuzi, na kikopo kidogo cha grisi ya molibdeni. Seti nyingi huja na kijiti cha plastiki cha kuweka pleti katikati. Kisipokuwepo, tafuta shafti ya mbele ya gia boksi bovu la aina hiyohiyo.

Spana utakazotumia zaidi ni namba 12, 14 na 17, pamoja na nyongeza ndefu ya nusu mita au zaidi ya kufikia bolti za juu. Toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza) ukiipata azima. Stendi nne imara. Sehemu nyingi za huku ardhi ni mchanga, na jeki huzama upande mmoja polepole bila wewe kuona. Fanya kazi kwenye sakafu ya zege au kwenye shimo la gereji. Usiweke gari juu ya tofali za bloku. Hupasuka bila onyo, na wewe uko chini.

Gari la ukanda wa pwani lina kutu ya chumvi. Siku moja kabla, pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma), za hauzingi na za bomba la moshi.

Kushusha

Watu wawili wanaojua wanachofanya huchukua siku nzima. Anza hivi:

1. Toa waya hasi wa betri. Inua gari, liweke kwenye stendi, litikise kwa nguvu kabla hujaingia chini.

2. Mwaga oili ya gia boksi. Tazama sumaku ya nati ya kumwagia: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya ya gia boksi yenyewe.

3. Piga alama ya rangi kwenye flanji ya propela na ya difu ili zirudi zilivyokuwa, kisha fungua nati nne za namba 14. Ukizirudisha ovyo unaweza kupata mtetemo ukaanza kulaumu klachi mpya.

4. Ndani ya gari, toa mpira wa mkono wa gia. Miundo mingi inashikwa na kofia: ifunike kwa kitambaa, ibonyeze chini, izungushe kinyume cha saa, mkono unatoka. Ziba tundu kwa kitambaa safi.

5. Toa waya wa taa ya rivasi, kebo ya spidi na stata.

6. Fungua bolti mbili za namba 12 za slevu silinda, ifunge pembeni kwa waya bila kukata paipu. Tangu hapo asiguse mtu pedali ya klachi, pistoni itaruka nje.

7. Fungua kishikio cha bomba la moshi. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampu ya injini, na jeki nyingine chini ya gia boksi, kisha toa maunti ya nyuma na mtambaa wake (chuma kinachokatiza chasisi).

Bolti za hauzingi hazina urefu mmoja. Chukua kipande cha boksi la karatasi, chora duara, toboa matundu, kila bolti iingie kwenye tundu la mahali ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia tundu la bolti fupi hugota kabla haijabana, na hauzingi ya alumini hupasuka.

Sasa vuta gia boksi nyuma, moja kwa moja, bila kuinamisha. La gari la kusukuma nyuma lina uzito wa kilo 40 hivi. Lenye transfa linaweza kupita 70, usijaribu kulibeba kifuani. Hata kwa sekunde chache lisining'inie kwa shafti yake ndani ya pleti. Hilo wakati wa kutoa halina hasara kubwa, wakati wa kurudisha linapinda pleti mpya.

Kava linafungwa kwa bolti za kichwa namba 12. Zilegeze kidogokidogo kwa mkingamo, nusu mzunguko kila moja, hadi springi iache kusukuma. Vumbi lililomo usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo: pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa hicho kitupwe.

Kusoma ulichokitoa

Hapa usiharakishe. Shika pleti ya zamani juani. Pima kina kutoka juu ya uso hadi kwenye kichwa cha msumari. Kikomo cha Toyota ni milimita 0.3. Ikiwa imekwisha sawasawa pande zote, imekufa kifo chake cha kawaida. Ikiwa bado nene lakini inang'aa kama kioo au ina rangi nyeusi ya kuungua, aliyeiua ni dereva au oili.

Oili ina pande mbili za kutokea. Paka kidole, sugua, nusa. Oili ya gia ni nzito, ina harufu kali ya kiberiti, na huonekana ndani ya hauzingi kuzunguka shafti: sili ya mbele ya gia boksi imekwisha. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na nyepesi, hushuka nyuma ya flaiwili: hiyo ni sili ya kranki. Hata kama zote mbili ni kavu, sili ya kranki ibadilishe ukiwa hapo. Pleti mpya ikilowa oili haisafishiki, petroli haiitoi iliyokwisha kunywewa.

Flaiwili iangalie kwa jicho la karibu. Madoa ya bluu na nyufa ndogo kama nywele zinatokana na moto wa kuteleza. Mng'aro tu, piga msasa namba 80 kwa mzunguko wa ovyo hadi uso ufifie. Ikiwa kuna mfereji unaokwama ukucha, misumari imeshakula chuma. Ipeleke kwa fundi kerezo aichukue kiasi kidogo kinachotosha na uso wote uwe bapa. Isichongwe kwa mashine ya kusagia ya mkononi, hata fundi awe hodari kiasi gani. Mkono haujui kuwa bapa, na gari litatetemeka kila likiondoka. Ukiirudisha, bolti zake tia gundi na ubane kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, kwa mkingamo. Kagua pia meno ya ringi ya stata.

Kava la zamani lina vidole vya springi. Kikomo cha ulaji mahali rilizi inapogusa ni kina cha milimita 0.6 na upana wa milimita 5. Una kava jipya, lakini vidole vilivyoliwa upande mmoja vinakueleza kuwa foku imepinda au kichwa chake cha duara kimekwisha, na hilo litaua beringi mpya vilevile.

Mpira wa foku ukiwa umechanika, ndio mlango wa mchanga. Barabara za mashambani za Nanyamba na Tandahimba hujaza hauzingi mchanga mwekundu laini, ukaganda kwenye grisi na kuwa msasa wa rilizi. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha na ndio unaoachwa kuliko vyote.

Pailoti itoe kwa kivutio cha ndoano. Kama huna, jaza grisi nzito kwenye tundu, ingiza chuma kinachobana vizuri, gonga kwa nyundo. Grisi inaisukuma nje. Mpya ingize kwa kugonga ringi ya nje tu. Rilizi mpya usiioshe kwa petroli: ina grisi yake ndani ya miaka yote.

Kufunga

Futa uso wa flaiwili na wa kava jipya kwa dawa ya kusafishia breki au petroli safi, kwa sababu kiwandani hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Mikono nayo iwe safi. Alama ya kidole chenye grisi inatosha kuleta mtetemo.

Kabla ya lolote, telezesha pleti kwenye shafti ya gia boksi. Iende na kurudi bila kukwama wala kupwaya. Paka grisi kwa unyembamba kwenye meno, itelezeshe, itoe, futa iliyozidi. Grisi nyingi itarushwa na mzunguko hadi kwenye uso wa pleti.

Upande wa pleti wenye kitovu na springi zilizotokeza unatazama gia boksi. Ikigeuzwa, springi zinagusa bolti za flaiwili, na utajua baada ya kumaliza kila kitu, rivasi itakapokataa kuingia. Weka kijiti cha kati, kaza bolti za kava kidogokidogo kwa mkingamo, malizia kwa nyutoni-mita 19, yaani karibu kilo 2 kwenye toki renchi za zamani. Bila toki renchi, tumia spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono. Bolti hizi hukatika upesi. Vidole vya kava viwe usawa mmoja, tofauti isizidi milimita 0.5.

Grisi kidogo kwenye kichwa cha foku, kwenye ncha zake, na ndani ya bomba la rilizi. Basi.

Kurudisha gia boksi ndipo uvumilivu unapopimwa. Tafuta bolti mbili ndefu za nyuzi zilezile, kata vichwa, zifunge kwenye injini kama reli za kuongozea. Weka gia ya nne, mtu mmoja azungushe flanji ya nyuma polepole huku mwingine anasukuma. Meno yakipatana, gia boksi huingia lenyewe hadi hauzingi igusane na injini. Ikibaki nafasi ya sentimita moja, simama. Usiivute kwa bolti. Aidha jeki haiko usawa, au pleti haiko katikati, au pailoti imeingia upande. Toa, angalia, rudia. Anayelazimisha kwa spana namba 17 huvunja sikio la hauzingi au kupinda kitovu cha pleti, na vyote viwili vinamrudisha Kariakoo.

Ikigusana kwa mkono, bana bolti za namba 17 kwa nyutoni-mita 72. Rudisha mtambaa, maunti, stata, kebo, waya na propela kwa alama zake. Nati za flanji nyutoni-mita 74. Jaza oili ya gia hadi ianze kumwagika kwenye tundu la pembeni, gari likiwa limelala sawa.

Weka raba mpya za slevu, kisha toa upepo: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini, mwingine anafungua nati na kufunga kabla pedali haijaachiwa, hadi mapovu yaishe. Kikopo cha juu kisikauke wakati huo. Ni DOT 3 tu. Mafuta mengine ya haidroliki huvimbisha raba na utarudi uvunguni wiki hiyohiyo. Pedali iwe na nafasi huru ya milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kuwa nzito. Isipokuwa na nafasi, rilizi inaguswa muda wote na klachi mpya itaanza kuteleza ikiwa bado changa.

Kabla ya kushusha gari toka kwenye stendi, washa, kanyaga, weka rivasi, halafu gia zote. Harufu kidogo siku ya kwanza ni ya kawaida, moshi si wa kawaida.

Kwa kilomita 500 za mwanzo, ambazo ni zaidi ya kwenda Masasi na kurudi Mtwara, usipakie mzito wala usivute gari lililokwama mchangani. Ukishaanza kupakia, hesabu: magunia 12 ya korosho ya kilo 80 ni kilo 960, na hapo hujaweka utingo na abiria wa juu. Kwenye mlima shikilia gari kwa hendibreki, usilishikilie kwa klachi nusu. Mguu usipumzike juu ya pedali. Baada ya wiki mbili ingia uvunguni na tochi, tazama chini ya hauzingi na kwenye mpira wa slevu kama pamekauka, kisha kaza tena nati za propela.